Namna Wanajiolojia Wanavyotambua Umri Linganifu wa Miamba Wilayani Iramba

Kata ya Ulemo imo katika Wilaya ya Iramba, mkoani Singida, eneo ambalo miamba yake ni miongoni mwa ile ya kale zaidi nchini. Ili kufahamu mwamba upi ulitangulia, wanajiolojia hutumia kanuni kadhaa zinazobainisha mfuatano wa matukio bila kutaja idadi ya miaka.

Kanuni ya kwanza, iliyoelezwa na Nicolas Steno mwaka 1669, ni kwamba katika matabaka ambayo hayajapinduliwa, tabaka la chini ndilo la kale. Kwa kanuni hiyo, mashapo ya Bonde la Wembere, yaliyotandazwa juu ya miamba migumu, ni machanga kuliko miamba hiyo.

Kanuni ya pili inahusu mkato: kinachokata ni kichanga kuliko kinachokatwa. Kanuni ya tatu inahusu vipande: kipande cha mwamba kilichomezwa na mwamba mwingine ni cha kale kuliko kilichokimeza. Hivyo, itale iliyopenya ndani ya miamba ya volkano ikiwa ujiuji wa moto na kubeba vipande vyake, ilifuata baada ya miamba hiyo.

Visukuku, ambavyo kwingineko husaidia kulinganisha matabaka, havina msaada katika miamba hii, kwa kuwa iliundwa zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, kabla ya kuwapo wanyama. Aidha, mahali ambapo miamba imekunjwa, tabaka la juu laweza kuwa ndilo la kale. Hivyo mtaalamu huchunguza kwanza alama kama vile mpangilio wa chembe, ambazo kwa kawaida kubwa hutangulia kutua.

Elimu hii ina manufaa ya moja kwa moja kwa wachimbaji. Katika ukanda wa Iramba–Sekenke, ambako uchimbaji wa dhahabu ulianza mwaka 1909, madini hayo hupatikana katika mishipa ya kwatzi inayokata miamba ya kale zaidi. Mchimbaji anayechimba kwenye mashapo yaliyofunika miamba hiyo bila kufahamu kilicho chini yake aweza kupoteza mtaji wake.

Ramani za jiolojia zinazoonesha mfuatano huo huandaliwa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), yenye makao makuu jijini Dodoma.