Historia ya Bandari ya Tuapse na Suala la Ardhi

Tunapofundisha historia ya uchumi wa nchi za nje tumezoea kuipima bandari kwa shehena: tani ngapi zimepakiwa, gati ngapi zimejengwa. Hesabu hiyo ni muhimu lakini haitoshi. Swali la kwanza ni la umilikaji: ardhi ya bandari ilikuwa ya nani, naye aliondokaje? Tulitazame swali hili kwa mfano wa Tuapse, mji mdogo wa Urusi ulioko pwani ya Bahari Nyeusi, kati ya Novorossiysk na Sochi, chini ya milima ya Kaukazi.

Jina lenyewe si la Kirusi. Ni la Kiadige, lugha ya watu wanaojulikana nje kama Wacherkesi, na maana yake ni maji mawili, yaani mito miwili. Wenyeji hao walilima, walifuga, na walifanya biashara ya chumvi, nguo na silaha na Waturuki wa ng'ambo. Tusiwapambe: katika biashara hiyo binadamu nao waliuzwa, na wakubwa wa makabaila walifaidi. Mwaka 1829, kwa Mkataba wa Adrianople, Sultani wa Uturuki alimkabidhi Tsar wa Urusi pwani hiyo. Waadige wa milimani hawakuwa raia wa Sultani. Alitoa kisichokuwa chake, na Tsar akakipokea bila kuuliza.

Mwaka 1838 majeshi ya Tsar yalijenga ngome ya Velyaminovskoye penye mlango wa mto Tuapse. Ilikuwa moja ya ngome nyingi zilizopangwa pwani nzima kwa kazi ya kuifunga bahari, wenyeji wasipate baruti wala chumvi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya dola ya Kirusi mahali hapa ilikuwa kuzuia bidhaa, si kuzipitisha. Mwaka 1840, wakati wa njaa milimani, Wacherkesi waliiteka ngome hiyo na nyingine kadhaa. Warusi walirudi, wakaondoka tena mwaka 1854 wakati wa Vita vya Krimea, wakarudi tena kwa nguvu zaidi.

Vita vilikwisha mwaka 1864, na hapo ndipo Tuapse ilipotumika kama bandari kwa wingi. Shehena ilikuwa watu. Vijiji vilichomwa, wakazi wakasukumwa hadi ufukweni, wakangoja huko wakifa kwa njaa, baridi na maradhi. Waliopata nafasi walisongamana katika vyombo vilivyojazwa kupita kiasi, wakapelekwa Trabzon, Samsun na kwingineko katika dola ya Kituruki, ambako maelfu wengine walifia makambini. Waliofukuzwa katika pwani hiyo na milima yake walikuwa mamia ya maelfu. Ardhi yao waligawiwa maofisa, watu wa ukoo wa kifalme na walowezi. Basi kitabu kinachoanzia mwaka 1898, ulipoanza ujenzi wa bandari ya biashara, na kuieleza pwani hiyo kuwa pori tupu, kinaficha jinsi pori hilo lilivyopatikana.

Reli kutoka Armavir, iliyojengwa na kampuni ya mabepari katika miaka ya 1910, ililetwa ili nafaka ya Kuban ifike baharini. Mwezi Septemba 1918 Jeshi la Taman, wapiganaji wekundu wakiandamana na maelfu ya wakimbizi, wanawake na watoto, liliiteka Tuapse kutoka kwa askari wa serikali ya Wamenshevik wa Georgia, likapata silaha, kisha likapanda milimani kuungana na wenzake. Aleksandr Serafimovich aliandika riwaya juu ya safari hiyo mwaka 1924, na makada wengi duniani wameisoma. Wachache wameusoma mwisho wake nje ya riwaya. Kamanda mkuu, Ivan Matveyev, alipigwa risasi Oktoba 1918 kwa amri ya mkubwa wake mwenyewe, Sorokin. Yepifan Kovtyukh, aliyekuwa kielelezo cha shujaa wa riwaya, aliuawa mwaka 1938 katika msako wa Stalin. Mwanafunzi anastahili kuyajua yote mawili.

Dola ya Kisovieti ililaza bomba la mafuta la zaidi ya kilomita 600 kutoka Grozny, likakamilika mwaka 1928, na kiwanda cha kusafisha mafuta kikafuata mwaka 1929. Mwaka 1942 Wajerumani walipigana milimani miezi kadhaa ili waufikie mji huu. Waliupiga mabomu lakini hawakuingia. Mafuta yamebaki ndiyo shehena kubwa, na ndiyo sababu kiwanda kilishambuliwa na droni za Ukraine Januari 2024.

Na wenye ardhi je? Mwaka 1924 serikali ya Kisovieti iliwapa Washapsugi, tawi la Waadige waliosalia pwani, wilaya yao ya kitaifa, na makao yake ya kwanza yalikuwa Tuapse penyewe. Mwaka 1945 wilaya hiyo ilifutwa. Baadhi yao wanaishi mpaka leo katika kijiji cha Agui-Shapsug, karibu na mji huo.