Endometriosi: Maumivu ya hedhi yasiyopaswa kuitwa chango tu

MSICHANA anayekosa shule kila mwezi kwa maumivu ya hedhi, Vitengeni na kwingineko Pwani, mara nyingi huambiwa ana chango, na kwamba akishaolewa na kuzaa yatapoa. Huenda kumbe anaugua endometriosi, maradhi yenye matibabu.

Katika maradhi haya, tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake: kwenye vifuko vya mayai, mirija, matumbo, kibofu na, kwa nadra, mapafuni. Homoni ya estrojeni huzichochea, zikaleta uvimbe na makovu yanayogandisha viungo. Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kuwa wagonjwa ni asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, takriban milioni 190.

Dalili nyingine ni maumivu wakati wa tendo la ndoa au wa kwenda haja, hedhi nzito, uchovu na ugumu wa kushika mimba.

Mtangazaji Njambi Koikai, aliyefariki Juni 3, 2024, aliwafumbua Wakenya wengi macho. Ugonjwa ulimfika mapafuni, akaenda kutibiwa Marekani mwaka wa 2018.

Matibabu huanza kwa dawa za kutuliza maumivu na za homoni. Ajabu ni kwamba vidonge na sindano za kupanga uzazi, ambazo wengi huziogopa wakidhani zinaleta utasa, ndizo hutuliza maradhi haya. Hata hivyo haziyamalizi, wala hazimfai anayetafuta mimba.

Dawa zikishindwa, upasuaji hufuata. Daktari hupitisha kamera na vifaa kwenye matundu madogo tumboni, akaondoa tishu na makovu. Maumivu huweza kurudi baadaye. Wanaoshauriwa kung'oa mji wa mimba wafahamu kwamba tishu za nje zikiachwa, uchungu huenda ukaendelea. Na vifuko vyote viwili vya mayai vikiondolewa, hedhi hukoma ghafla na mifupa huweza kudhoofika mapema.

Picha ya altrasaundi isiyoonyesha kasoro haithibitishi kwamba mtu ni mzima. Mgonjwa wa Vitengeni ambaye kituo cha afya hakijamsaidia anaweza kuomba rufaa hadi Hospitali ya Kaunti ya Kilifi, akibeba daftari lenye tarehe za hedhi na za maumivu kwa miezi miwili au mitatu.