Viunzi vya programu za seva

Kiunzi cha programu ya seva, au fremuweki kama watengenezaji wengi wanavyokiita, ni mkusanyo wa msimbo uliokwisha kuandikwa ambao tovuti hujengwa juu yake, ili kazi zinazojirudia, kama vile kupokea maombi ya kivinjari, kumtambua mtumiaji, kusoma hifadhidata na kuunda ukurasa, zisianzwe upya katika kila mradi. Miongoni mwa vinavyojulikana zaidi ni Spring cha lugha ya Java, Django cha Python kilichotolewa hadharani mwaka 2005, na viwili vya PHP: Symfony, kilichozaliwa Ufaransa mwaka huohuo wa 2005, na Laravel cha mwaka 2011, ambacho kimeazima sehemu nyingi za Symfony.

Faida ya kwanza ni usalama. Django, kwa mfano, hugeuza kwa chaguo-msingi alama za hatari zilizomo katika maandishi ya watumiaji kabla ya kuyaonyesha, na hukagua kuwa fomu inayopokelewa imetoka kweli katika tovuti yenyewe. Mtengenezaji chipukizi hupata hivyo kinga ambazo pengine asingezifikiria. Faida ya pili inauhusu moja kwa moja mji kama Lubumbashi, ambako wengi huingia intaneti kwa simu na hulipia kila megabaiti: kwa kuwa ukurasa huundwa kwenye seva na kufika ukiwa tayari, simu ya bei nafuu haihitaji kupakua programu nzito ili kuuonyesha.

Hata hivyo, njia hiyohiyo huutegemea mtandao katika kila hatua. Umeme ukikatika au mawasiliano yakififia kabla fomu haijatumwa, aliyeijaza hulazimika kuianza upya. Jibu zuri la tatizo hili linaonekana katika DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Oslo, unaotumiwa na Wizara ya Afya ya Kongo kukusanya taarifa za kanda za afya 519 za nchi nzima, zikiwemo za Haut-Katanga. Upande wake wa seva umejengwa kwa Java na Spring, lakini sehemu ya kuingiza takwimu huweza kuzihifadhi kwanza ndani ya kivinjari na kuzituma muunganisho unaporejea.

Gharama za kuhifadhi tovuti nazo hutofautiana. Viunzi vya PHP huweza kuendeshwa kwenye seva ya pamoja, inayogawanywa na wateja wengi kwa ada ndogo, ilhali Spring huhitaji programu inayobaki hai muda wote na kumbukumbu kubwa zaidi, jambo ambalo shule au zahanati isiyo na fundi wake haina budi kulipima mapema.

Lakini linalosahauliwa zaidi, na ambalo lingepaswa kutangulia majaribio yote ya kasi, ni umri wa kiunzi. Kila toleo la Laravel hupewa marekebisho ya usalama kwa miaka 2, la Django lenye msaada wa muda mrefu kwa miaka 3 hivi, na la Symfony la aina hiyo kwa miaka 4. Muda huo ukipita, tovuti isiyohamishiwa toleo jipya hubaki wazi kwa wadukuzi hata kama inaonekana kufanya kazi vizuri. Kiunzi chenyewe pia huweza kuachwa. Ushahidi, mfumo wa ramani za matukio uliozaliwa Kenya mwanzoni mwa 2008 na kutumika mashariki mwa Kongo kabla ya mwaka huo kwisha, ulijengwa kwa miaka mingi juu ya Kohana, kiunzi cha PHP ambacho baadaye kilikosa waendelezaji. Waliouandika walihamia kwenye msingi wa Laravel, kazi iliyowezekana kwa sababu walikuwa na watengenezaji wao wa kudumu na msimbo uliokuwa wazi kwa yeyote kuusoma.