Sala ya Usiku na Hesabu Zetu

Nyanya yangu mzaa baba hakujua kusoma saa, lakini sikumbuki kuwa aliwahi kuchelewa kuamka. Nilipokuwa mtoto nikilala chumbani mwake, katika Mji wa Kale wa Mombasa, nilizoea kuzindukana usiku wa manane kwa mlio wa kata ikigonga mtungi. Hapo nilijua kwamba anatia udhu. Kisha nilisikia msala ukikung'utwa, halafu kimya, na ndani ya kimya hicho mnong'ono wake. Siku moja nilimwuliza kwa nini hangojei alfajiri akaamka pamoja na watu wengine. Alinijibu kwamba mchana ana watu wengi wa kuzungumza nao, na usiku ana Mmoja tu. Amesali rakaa ngapi, hakuniambia hata mara moja, wala mimi sikuuliza.

Hesabu ya rakaa niliijua baadaye, na niliijua kwa ugomvi.

Ilikuwa Ramadhani katika miaka ya 1980. Kaka yangu alikuwa amerudi kutoka masomoni Arabuni, kijana mwenye elimu na haraka. Katika msikiti wetu tarawehe ilisaliwa rakaa ishirini, kisha witri tatu, kama walivyosali wazee wetu wa madhehebu ya Imamu Shafii. Usiku wa kwanza kaka alisali nane, akakunja msala wake, akatoka. Usiku wa pili walitoka watano. Kabla ya kumi la kati kuisha, wengine walikwisha kuitana wazushi, na wengine wakajibu kwamba wanaotoka ni wavivu waliojificha nyuma ya hadithi. Nyumbani baba alimwambia kaka, "Mimi nimesali ishirini tangu nijue kutia udhu, na baba yangu kabla yangu. Wataka nikawaambie makaburini kwamba walikosea?" Kaka alijibu, "Baba, mimi nafuata alivyofanya Mtume." Hapakuwa na aliyesema uongo kati yao. Baba alifariki mwaka 1993, na tangu siku ile hadi kufa kwake hawakusali tena tarawehe bega kwa bega.

Mimi nilikuwa upande wa baba. Lakini baada ya mazishi swali moja lilinikaa kifuani: sala ambayo mtu hana dhambi akiiacha, ilipataje nguvu ya kuwatenga baba na mwanawe? Nikaanza kusoma. Msomaji, mimi si mwanachuoni, na haya ninayoyaeleza yamo katika vitabu vinavyojulikana. Nimeyapanga tu kama yalivyonipanga mimi.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba sala ya usiku haikuanza kuwa ya hiari. Katika miaka ya mwanzo ya utume, pale Makka, kabla sala tano hazijafaradhishwa, iliteremka Sura ya Muzzammil ikimwamuru Mtume (S.A.W.) asimame usiku ila kidogo tu: nusu yake, au pungufu kidogo, au zaidi. Bibi Aisha, aliposimulia habari hizi baadaye, alieleza kwamba Mtume na Masahaba walisimama hivyo mwaka mzima, mpaka miguu ikavimba, na aya ya mwisho ya sura ile ikazuiliwa mbinguni miezi kumi na miwili. Ilipoteremka, ilikuja na nafuu. Ilitaja kwamba miongoni mwa watu watakuwako wagonjwa, na wasafiri wanaotafuta riziki, na wanaopigana. Basi kila mmoja asome kilicho chepesi kwake. Tangu hapo kusimama usiku kukawa hiari baada ya kuwa lazima.

Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu kwanza. Kumbe mlango wenyewe wa sala hii ni huruma! Aliyeiamrisha ndiye aliyeilegeza, na sababu aliyoitaja ni udhaifu wetu sisi.

Jambo la pili lilitokea Madina. Mtume alitoka usiku mmoja wa Ramadhani akasali msikitini, na watu waliokuwapo wakasali nyuma yake. Asubuhi habari zikaenea. Usiku wa pili watu wakawa wengi zaidi, na wa tatu zaidi ya hao. Usiku wa nne msikiti haukuwatosha, nao wakangoja, lakini yeye hakutoka mpaka alfajiri. Baada ya sala aliwaambia kwamba aliujua vyema mkusanyiko wao, ila alichelea isije sala ile ikafaradhishwa juu yao wakaishindwa. Fikiri jambo hilo. Kiongozi gani huona watu wanajaa nyuma yake akajifungia ndani kwa kuwahurumia?

Yeye mwenyewe hakuacha kusimama. Miguu yake ilivimba kwa kisimamo kirefu, na alipoulizwa sababu, naye amekwisha kusamehewa, alijibu kwamba je, asiwe mja mwenye kushukuru? Lakini alilojichukulia mwenyewe hakuwatwika wengine. Aliingia msikitini akaona kamba imefungwa kati ya nguzo mbili. Akaambiwa ni ya Bibi Zaynabu, akichoka katika sala huishika isimwangushe. Akaamuru ifunguliwe, na akasema mtu asali akiwa na nguvu, akichoka akae. Na kijana Abdullah bin Amr bin al-As alipojipa kufunga kila siku na kusimama kila usiku, alimkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake, na mkewe vilevile. Kijana akashindana, akataka zaidi. Alipozeeka na mwili ukamlemea, ndipo alipotamani angaliikubali ile nafuu aliyopewa.

Baada ya Mtume mambo yalibaki hivyo katika ukhalifa wa Abu Bakari: kila mtu na kisimamo chake. Mwaka wa 14 Hijria, yaani 635, Khalifa Umar alipita msikitini usiku wa Ramadhani akakuta watu wametawanyika, huyu anasali peke yake, yule na kikundi nyuma yake. Akaona heri awakusanye nyuma ya msomaji mmoja, Ubayy bin Kaab. Usiku mwingine alipita tena, akawaona wako safu moja, akafurahi, akauita uzushi mzuri. Lakini wengi wetu tunaishia hapo na kusahau maneno yaliyofuata: aliongeza kwamba ile sehemu ya usiku wanayoilala ni bora kuliko hii wanayosimama. Watu walikuwa wakisali mwanzo wa usiku, na fadhila kubwa iko mwishoni mwake. Hata aliyeipanga jamaa hiyo hakukubali ifunike sala ya mtu mmoja aliyeamka peke yake, na mimi niliposoma hapo nilimkumbuka nyanya na kata yake.

Sasa, hesabu. Bibi Aisha alisimulia kwamba Mtume hakuwa akizidisha rakaa kumi na moja, katika Ramadhani wala nje yake. Hiyo ndiyo nane ya kaka yangu, na witri tatu. Imamu Malik, katika kitabu chake cha Muwatta, amepokea habari kwamba Umar alimwamuru Ubayy na Tamim ad-Dari wawasalishe watu rakaa kumi na moja. Na katika kitabu hichohicho, mlango huohuo, amepokea habari nyingine kwamba watu wakati wa Umar walikuwa wakisimama rakaa ishirini na tatu. Hiyo ndiyo ishirini ya baba yangu, na witri tatu. Mabwana hawa wawili walitengana miaka yote ile, na hoja zao zilikuwa zimelala pamoja ndani ya kitabu kimoja, karne kumi na mbili na zaidi.

Wala hesabu haikuishia hapo. Watu wa Makka walikuwa wakipumzika kila baada ya rakaa nne, na mapumziko hayo ndiyo yaliyoipa tarawehe jina lake. Katika kupumzika wakatufu Al-Kaaba. Watu wa Madina hawakuwa na Kaaba ya kutufu, basi imepokewa kwamba mahali pa kila tawafu wao waliongeza rakaa nne. Mapumziko manne, rakaa kumi na sita, jumla thelathini na sita. Na Imamu Malik aliwakuta wakisali hivyo. Hawakuitana wazushi. Wa Madina walikuwa wanawaonea gere wenzao kwa jambo la heri, basi.

Madhehebu ya Hanafi, Shafii na Hambali yakashika ishirini, nayo ikaenea hata kwetu pwani. Katika karne ya 20 Sheikh Nasiruddin al-Albani aliandika kitabu cha kutetea kumi na moja, wengine wakaandika kumjibu, na mjadala ukasafiri mabegani mwa wanafunzi mpaka ukabisha hodi kwetu.

Ugomvi wetu wenyewe ulikuwa ukichemka zaidi barazani baada ya sala, kwa tende na vikombe vya kahawa. Kahawa nayo ina historia yake katika jambo hili. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen waliinywa ili wapate kukesha katika dhikiri na ibada za usiku. Mwaka 1511 gavana wa Makka, Kha'ir Beg, aliipiga marufuku, lakini marufuku yale hayakudumu. Wao waliinywa wasimame usiku. Sisi tuliinywa tupate nguvu ya kubishana hadi daku. Walioamka baadaye kusali tahajudi walikuwa wachache, na mimi sikuwamo.

Ikaja Ramadhani ya mwaka 2020. Misikiti ilikuwa imefungwa kwa ajili ya korona, watu hawaruhusiwi kutoka usiku, na tarehe 6 Mei serikali ikaufunga Mji wa Kale, hakuna kuingia wala kutoka. Mimi na kaka tunakaa nyumba moja, yeye juu mimi chini, na kwa zaidi ya miaka thelathini kila mmoja alikuwa na msikiti wake. Sasa hapakuwa na msikiti. Mama, aliyekuwa amepita miaka themanini, alituita sote wawili akasema, "Nyinyi mna hoja, wanangu. Mimi nina magoti tu. Nisalisheni."

Tukatandika mikeka ukumbini. Kaka alitangulia kwa kuwa ni mkubwa na msomaji mzuri kunishinda. Sikuwa nimewahi kusali tarawehe nyuma yake, na sikujua kwamba sauti yake imekuwa ya baba. Alisalisha nane. Alipotoa salamu nilingoja akunje msala wake. Hakuukunja. Alisogea nyuma, akakaa karibu na Mama, akachukua msahafu. "Endelea," aliniambia. "Nitawangoja kwa witri."

Nikasalisha kumi na mbili zilizobaki. Katikati yake nilipogeuka baada ya kutoa salamu, niliona Mama, aliyekuwa akisali kwa kukaa, amesinzia, na kaka amemwekea mto ubavuni asianguke. Nikaikumbuka ile kamba ya Bibi Zaynabu iliyofunguliwa. Tukamwacha alale. Tulipofika kwenye witri kaka alimwamsha taratibu, na sote tukaisali pamoja. Kaka hakubadili rai yake, wala mimi sikubadili yangu. Ila kuanzia usiku ule hatukuuliza tena ni nani aliye sawa, maana jibu lingetulazimu mmoja wetu aondoke chumbani.

Nimejuta jambo moja. Yote haya yalikuwa vitabuni baba alipokuwa hai. Lau ningaliyasoma mapema, ningalimwonyesha ukurasa ule wa Muwatta. Na yeye, aliyekuwa mtu wa haki, angalimwita mwanawe. Nilichagua kumtetea badala ya kumsaidia.

Siku hizi usingizi wa uzee hauniweki muda mrefu, nami huamka usiku wa manane. Sina mtungi, nina bomba, na hulifungua kidogo nisiwaamshe watu. Huko juu, nyakati nyingine, husikia bomba la kaka nalo likitiririka. Rakaa anazosali saa ile sizijui, na zangu hazijui.