Kodi ya pango iliyokataliwa

Kodi ya pango iliyokataliwa ni kodi ambayo mpangaji ameipeleka kamili na kwa wakati, mwenye nyumba akakataa kuipokea. Kwa Tanzania Bara, majibu ya kisheria yametawanyika katika Sheria ya Mikataba (Sura ya 345), Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi Na. 2 ya 2002. Kwa ufupi, mpangaji aliyetoa akakataliwa hahesabiwi kuwa amevunja mkataba, ila deni lake linabaki palepale.

Mara nyingi anayekataa kodi hagombei fedha, anagombea nyumba. Katika kata ya Fukayosi, wilayani Bagamoyo, kando ya barabara ya lami iendayo Msata, mpangaji anaweza kuwa mwalimu, mhudumu wa zahanati au mwenye duka katika fremu, na makubaliano mengi ya namna hii huwa ya mdomo. Mwenye nyumba akipata mteja wa kulipa zaidi, au akitaka kuuza, huogopa kwamba akipokea kodi ya mwezi mmoja tu atakuwa amemwongezea mpangaji muda. Anakataa, anasubiri miezi ipite, kisha anadai kwamba mpangaji hajalipa. Hila hiyo ni ya zamani, na sheria iliwahi kuiona kabla yetu.

Kifungu cha 38 cha Sheria ya Mikataba kinahusu hasa jambo hili. Asili yake ni Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ambayo Waingereza waliileta Afrika Mashariki. Kinasema kwamba mtu aliyejitolea kutimiza ahadi yake, upande wa pili ukakataa, hawajibiki kwa kutotimiza wala hapotezi haki zake chini ya mkataba. Masharti yake si magumu, lakini hayana msamaha. Kodi itolewe bila sharti lolote. Anayesema "nitalipa ukitengeneza bati kwanza" hajatoa kodi, ameanzisha majadiliano. Itolewe siku na mahali panapostahili, na mpokeaji apate nafasi ya kuhakikisha kwamba ni fedha kamili. Nusu ya kodi si kodi.

Kifungu hicho kina kipengele kinachowafaa sana wapangaji wa nyumba za urithi, ambazo pwani ni nyingi. Kodi ikitolewa kwa mmoja wa watu waliopangisha kwa pamoja, ni sawa na kuitoa kwa wote. Hata hivyo, baba mwenye nyumba akifariki, mtoto anayekuja mlangoni kudai kodi si lazima awe ndiye mwenye haki ya kuipokea. Mwenye mamlaka hayo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kumwomba aonyeshe barua ya uteuzi si utovu wa adabu.

Wapangaji wengi huangushwa na ushahidi, wala si sheria. Kutuma kodi kwa simu kunasaidia: ujumbe wa malipo unabaki, na fedha ikirudishwa, marejesho nayo yana ujumbe wake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu kumbukumbu za namna hiyo kupokelewa kama ushahidi. Anayepeleka fedha mkononi aende na shahidi, kisha aandike barua fupi yenye tarehe, kiasi na mwezi unaolipiwa, na nakala aipeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Viongozi hawa si mahakama na hawawezi kumlazimisha mtu apokee fedha, lakini muhuri wao huthibitisha kwamba barua iliandikwa siku hiyo na si siku ya kesi.

Wapangaji wa biashara wana utata wao. Sheria ya Kodi ya Mapato inamtaka mpangaji wa aina hiyo azuie asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Mwenye fremu akikataa kwa madai kwamba amepunjwa, hoja yake ni dhaifu, mradi mpangaji awe na uthibitisho kwamba fedha hiyo imefika TRA. Aliyeikata akaitia mfukoni hana utetezi.

Kukataa kodi hakumpi mwenye nyumba ruhusa ya kubadilisha kufuli, kung'oa mlango au kutoa vyombo nje. Pango lisilo na muda maalumu huchukuliwa kufuata kipindi cha kulipa kodi, na notisi ya kulivunja haiwezi kuwa fupi kuliko kipindi hicho. Anayelipa kwa mwezi anastahili mwezi mzima. Kinga ya zamani iliyowabana zaidi wenye nyumba, Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Pango ya 1984, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiwango cha kodi ni suala la makubaliano, na mpangaji hana pa kwenda kulalamikia ukubwa wake peke yake.

Mgogoro ukishindikana kutatuliwa nyumbani, kijijini lipo Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, wanawake wasiopungua 3, ambalo husuluhisha tu. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya 2021, limebaki na usuluhishi, na lina siku 30. Likishindwa, shauri linalogusa maslahi katika ardhi huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko mpangaji anaweza kuomba zuio la kufukuzwa, na pia aombe amri ya kuiweka kodi chini ya uangalizi wa baraza mpaka uamuzi utoke. Ombi hili la pili wapangaji wengi hulisahau, ilhali ndilo linaloonyesha nia njema kuliko maneno yoyote.

Nchi jirani zimezoea zaidi utaratibu huo wa kuiweka kodi. Nchini Kenya, baraza la migogoro ya pango la nyumba za biashara huweza kuamuru kodi iwekwe barazani. Nchini Uganda, wenye vibanja (wakaaji wa ardhi ya mwenye hati) wameelekezwa na serikali kupeleka busuulu, yaani kodi ya ardhi hiyo, kwenye ofisi ya gombolola (kata) pale mwenye ardhi anapoikataa.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kumwona msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Na fedha iliyokataliwa isitumike. Chini ya Sheria ya Ukomo, malimbikizo ya kodi yanaweza kudaiwa mahakamani kwa miaka 6, na mwenye nyumba aliyeikataa leo anaruhusiwa kubadili nia kesho na kuidai yote.