Maziwa mengi, maziwa machache

Masisi ni nchi ya ng'ombe na jibini, na ndiko yaliko pia maziwa ya Mokoto. Ukisema "Masisi kuna maziwa mengi," msikilizaji ana haki ya kuuliza: ya kunywa au ya kupita mitumbwi? Kiingereza hakiachi utata huo. Ya kunywa hayahesabiki, huuliziwa kwa "how much". Ya mitumbwi yanahesabika, huuliziwa kwa "how many". Na "mingi" yetu ya mitaani, watu mingi, maji mingi, haijali hata ngeli.

Ila tazama upande wa uchache. Hapo Kiswahili chenyewe kinatenganisha: maziwa kidogo kikombeni, maziwa machache kwenye ramani. Mwanafunzi wa Walikale anayelijua hilo tayari ameshika "little" na "few".

Kinachonisumbua zaidi ni ile "a" ndogo. "A few nurses came": wamefika wauguzi kadhaa, afadhali. "Few nurses came": waliofika ni wachache mno. Anayeandika ripoti ya kituo cha afya kwa Kiingereza aiangalie mara mbili, maana herufi hiyo moja huweza kuficha upungufu unaoumiza wagonjwa.