Ava Gardner, bintimfalme wa Toro na mto Kagera

Mwishoni mwa mwaka 1952, kando ya mto Kagera, uliota mji wa turubai. Wanaosimulia historia ya Hollywood hutaja mahema takribani 300, hospitali yenye mashine ya eksirei, hema la kuonyeshea sinema, na kiwanja cha ndege kilichofyekwa porini kwa siku chache tu. Wenye kambi walikuwa kampuni ya MGM ya Marekani, waliokuja kupiga picha za filamu ya Mogambo chini ya mwongozaji John Ford. Walikuja na Clark Gable, nyota aliyekuwa tayari na umri wa miaka zaidi ya 50. Walikuja na Grace Kelly, binti wa Philadelphia aliyefikisha miaka 23 Novemba hiyo hiyo. Na walikuja na Ava Gardner, ambaye mkesha wa Krismasi ungemkuta akitimiza miaka 30.

Kwa mtu wa Kituntu, huku Karagwe, Kagera ni mto wa nyumbani na wa mpaka. Upande wa Kyerwa unaitenga Tanzania na Rwanda, kisha unapinda kuelekea mashariki, unagusa Uganda, unapita Kyaka na kuishia Ziwa Victoria. Dunia ya leo ikilisikia jina la Kagera hukumbuka vita vya Tanzania na Uganda vya 1978, au wakimbizi wa Rwanda wa 1994, au kuzama kwa meli ya Mv Bukoba. Wachache hukumbuka kwamba Ava Gardner aliteuliwa kuwania Oscar mara moja tu maishani mwake, na kwamba filamu iliyompa nafasi hiyo ilipigiwa picha, kwa sehemu, kwenye mto huu.

Misafara ya wageni haikuwa kitu kipya Karagwe. Wafanyabiashara Waarabu walikuwa na kituo chao Kafuro. Speke na Grant walipokewa na mfalme Rumanyika mwaka 1861, na Stanley akafuata 1876. Speke ndiye aliyechukua futi yake ya kupimia akampima mkono, kifua na paja mke mmoja wa ukoo wa kifalme aliyenoneshwa kwa maziwa, kisha akavichapisha vipimo hivyo kitabuni ili Waingereza wasome na kushangaa. Msafara wa MGM haukutafuta pembe za ndovu wala chanzo cha Nile. Ulitafuta picha. Lakini tabia ya kuja, kutazama na kwenda kuuza kilichotazamwa, hiyo ilikuwa ile ile.

Ava alitoka Grabtown, kijiji cha wakulima wa tumbaku huko North Carolina. Shemeji yake, mpiga picha New York, aliibandika picha yake dirishani mwa duka, na kufikia 1941 MGM walikuwa wamemwajiri. Kwa miaka kadhaa walimpa nafasi za kupita tu mbele ya kamera. Alianza kujulikana mwaka 1946 kwa The Killers, akiwa ameazimwa na kampuni nyingine. Mwaka 1951 akacheza Show Boat, na hapo inafaa tusimame kidogo. Julie, mwanamke aliyemwigiza, ni mwimbaji mwenye damu ya Kiafrika anayeficha asili yake. Lena Horne, mwimbaji mweusi aliyekuwa na mkataba na kampuni hiyo hiyo, aliitamani nafasi ile. Wakampa Ava, na hata nyimbo zake kwenye filamu zikaimbwa na sauti ya mtu mwingine, Annette Warren. Miaka michache baadaye, katika Bhowani Junction ya 1956, angeigiza tena mwanamke wa damu mbili, safari hii Mhindi na Mwingereza, huko Lahore. Hollywood ilipotaka mwanamke wa rangi katikati ya hadithi, ilimtafuta mzungu mwenye nywele nyeusi.

Tanganyika pia aliifikia kwanza kwa njia ya studio. The Snows of Kilimanjaro, iliyotokana na hadithi fupi ya Hemingway, ilianza kuonyeshwa Septemba 1952. Ava na Gregory Peck walicheza sehemu zao Hollywood, na kikosi kingine cha wapiga picha kikaja Afrika Mashariki kukusanya picha za wanyama na nyika za kuunganisha baadaye. Wiki chache tu baada ya filamu ile kutoka, mwanamke yule aliyekuwa ameigiza chini ya Kilimanjaro ya kuchora akapanda ndege kuja kuiona Afrika yenyewe.

Hadithi ya Mogambo nayo haikuzaliwa Afrika. Ni marudio ya Red Dust ya mwaka 1932, ambamo Gable huyo huyo alikuwa mwenye shamba la mpira huko Indochina. Miaka 20 baadaye shamba likageuzwa kambi ya kukamata wanyama wa kuuza, Waasia wakaondolewa, Waafrika wakawekwa, na wanawake wawili wanaomgombea mwanamume mmoja wakabaki palepale walipokuwa. Jina jipya lenyewe linasemekana lilitoholewa kutoka Mocambo, klabu ya usiku ya Hollywood, kwa kubadili herufi moja.

Hata hivyo Ava ni mzuri mno ndani yake, na si haki kumnyima sifa hiyo. Anaigiza Eloise Kelly, mwanamke wa starehe aliyeitwa na tajiri wa Kihindi, akafika kumbe tajiri ameshaondoka. Yuko porini na masanduku yake ya nguo, hana mwenyeji, na silaha yake ni ulimi tu. Kuna kipande anachocheza na ndama wa tembo. Ndama akamsukuma, akaanguka kwenye matope. Haikuwa kwenye maandishi. Ford hakuzima kamera, na Ava, badala ya kusimama na kulalamika, akaendelea kuigiza hasira zake humo humo matopeni. Kipande kikabaki. Ukikitazama unaelewa kwa nini wapiga kura wa Oscar walimkumbuka baadaye, ingawa tuzo ilikwenda kwa Audrey Hepburn.

Grace Kelly alipewa Linda, mke wa Mwingereza msomi, mpole hadi anapompenda Gable na mwisho kumpiga risasi. Kelly alisema baadaye kwamba vitu vitatu ndivyo vilivyomvuta: Ford, Gable, na safari ya Afrika ambayo nauli ingelipwa na mwingine. Ili aipate ilimbidi asaini mkataba wa miaka 7 na MGM. Alijitahidi hata kujifunza Kiswahili kidogo kabla ya kuja. Filamu hii ilimpa tuzo ya Golden Globe, na miaka mitatu baadaye aliacha kuigiza na kuolewa na mtawala wa Monaco.

Kambi ilikuwa na mikasa yake. Kenya, ambako vipande vingine vilipigwa, ilitangaziwa hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau, na watu wa filamu wakatembea na walinzi wenye silaha. Frank Sinatra, mume wa Ava wakati huo, alikuja naye bila kazi yoyote. Nyota yake ilikuwa imefifia na mke ndiye aliyekuwa akitafuta mkate. Akaruka kwenda Hollywood kujaribiwa kwa nafasi katika From Here to Eternity, akarudi kabla ya Krismasi, na nafasi hiyo ndiyo iliyomletea Oscar. Siku nyingine gari lilipinduka, akafa msaidizi wa mwongozaji, kijana wa Kiingereza John Hancock, pamoja na Waafrika wawili. Katika vitabu vya Hollywood tukio hilo husimuliwa hivyo hivyo: jina moja na idadi.

Hali ni hiyo hiyo kwenye orodha ya waigizaji. Baada ya majina ya Wazungu, kila mmoja na mhusika wake, yanafuata makabila: Wagenia wa Kongo ya Wabelgiji, Wasamburu wa Kenya, Wahaya wa Tanganyika, na M'Beti wa Afrika ya Wafaransa. Wahaya, kwa jumla, wamecheza kama Wahaya. Mnyambo wa Kituntu, yaani mwenyeji wa Karagwe, atacheka kidogo hapa. Kwenye makabrasha ya mkoloni Karagwe ilikuwa moja ya himaya za wilaya ya Bukoba, na mgeni aliyeshuka na kamera hakuwa na haja ya kuuliza nani ni Mnyambo, nani ni Mziba, nani ni Mhamba. Wengine hawakupata hata mstari huo. Muziki wa filamu, kwa mfano, si wa okestra. Ford aliridhika na ngoma na nyimbo za Waafrika, na wakosoaji wakamsifu kwa ujasiri. Ford ndiye aliyesifiwa.

Filamu ilitoka Oktoba 1953 na kuingiza zaidi ya dola milioni 8. Hispania ya Franco ndiyo iliyoifanyia kituko kikubwa kuliko vyote. Wakaguzi wa huko hawakutaka mke wa mtu aonekane akimpenda mwanamume mwingine, basi katika tafsiri ya sauti wakawageuza mume na mke kuwa kaka na dada. Wahispania wakaketi kumtazama kaka anayemwonea wivu dada yake kwa namna isiyoelezeka, na dhambi waliyokuwa wakiikimbia ikazaa kubwa zaidi.

Wakati huo huo, tena katika Tanganyika hii hii, kulikuwa na waigizaji Waafrika wenye majina. Tangu 1935 hadi 1937 mradi wa sinema wa Vugiri, karibu na Korogwe, ulikuwa umetengeneza filamu za mafunzo kwa kuwatumia wenyeji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ikatengeneza hadithi za Kiswahili, na nyota wa Muhogo Mchungu alikuwa kijana mmoja mtumishi wa serikali, Rashidi Kawawa. Mwaka 1962 Kawawa akawa waziri mkuu. Wazee wengi wa Tanzania wanajua habari hiyo. Ninachojiuliza ni nani alimkumbuka mwanamke aliyeigiza mbele yake, maana historia yetu ya sinema nayo, kwa upande wa wanawake, imekuwa bahili wa majina.

Ndiyo sababu ukitaka mwigizaji mwanamke wa ukanda huu aliyefika hadi Hollywood, inakubidi uvuke mpaka uende Fort Portal, mji wa ufalme wa Toro nchini Uganda. Toro na Karagwe ni falme za nchi moja ya kale ya maziwa: ng'ombe wa pembe ndefu, maziwa, ngoma za enzi, na lugha ambazo Mnyambo akimsikiliza Mtoro ataambulia mengi bila mkalimani. Elizabeth Bagaaya Akiiki alizaliwa 1936, binti wa mfalme Rukidi wa Tatu. Alisoma Gayaza, kisha Uingereza hadi Cambridge, na mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kusajiliwa kuwa wakili wa mahakama za Uingereza. Kaka yake alipotawazwa, yeye akawa Batebe, dada rasmi wa mfalme. Haikupita muda, mwaka 1967 Rais Obote akazifuta falme zote za Uganda. Tanganyika ilikuwa imeondoa mamlaka ya watemi na wakama mapema zaidi, 1963, kwa hiyo Karagwe walijua mshtuko wa namna hiyo.

Elizabeth akaingia kwenye mitindo, London na New York, na mwaka 1969 akatokea jaladani mwa Harper's Bazaar. Kisha sinema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Nigeria kucheza Bullfrog in the Sun, filamu ya Mjerumani Hansjürgen Pohland iliyounganisha riwaya mbili za Chinua Achebe, zile ambazo sisi tulizisoma kwa majina ya Shujaa Okonkwo na Hamkani si Shwari Tena. Alimwigiza Clara, mchumba wa Obi. Aliyesoma riwaya anajua Clara ni nani: ni osu, mtu wa ukoo uliotengwa ambao Waigbo huru hawakuruhusiwa kuoa. Bintimfalme wa Toro akaigiza mwanamke asiyeolewa kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Kwangu hiyo ndiyo nafasi yake bora kwa maana, hata kama filamu yenyewe haikuonyeshwa sana.

Baada ya hapo siasa ikamchukua. Idi Amin alimfanya balozi wa kuzunguka, na Februari 1974 akamteua waziri wa mambo ya nje. Novemba mwaka huo akamfukuza kwa kashfa chafu aliyoibuni hadharani, kwamba alikutwa na mzungu kwenye choo cha uwanja wa ndege wa Paris. Februari 1975 Elizabeth alitorokea Kenya.

Kenya hiyo hiyo ndiyo aliyoirudia kwa ajili ya Hollywood, katika Sheena ya mwaka 1984. John Guillermin aliongoza, na Tanya Roberts akawa Sheena, yatima wa kizungu mwenye nywele za dhahabu anayelelewa na kabila la kubuni na kuwa mlinzi wa pori lao. Elizabeth anamlea. Anatabiri, anaganga, anatiwa jela kwa uongo, anaokolewa, anakufa. Ana hadhi kila anapoonekana. Hata katikati ya upuuzi ule, na punda milia ambaye ni farasi aliyepakwa rangi, anasimama kama mtu aliyewahi kusimama mbele ya baraza la kweli. Filamu ilipata hasara na kuteuliwa kuwania tuzo tano za Razzie, zinazotolewa kwa kazi mbovu. Msichana mzungu ana jina, na jina hilo ndilo la filamu. Mwanamke aliyemlea, kwenye orodha ya wahusika, ameandikwa "Shaman" basi.

Serikali ya Museveni ilimpeleka Washington mwaka 1986 kuwa balozi wa Uganda, na katika miaka iliyofuata aliwakilisha nchi yake Ujerumani na Nigeria pia. Mwaka 1989 alichapisha Marekani kitabu cha maisha yake, na alichagua kukianza, jaladani kabisa, kwa jina lake mwenyewe.